Ngalawa na Mkono wa Mtu Mmoja

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haulei mwana. Semi hizi ni za kweli, na watu wa pwani wameishi kwa kweli yake katika kulima, katika kujenga, katika kuoza na katika kuzika. Walakini katika pwani hiyo hiyo, huko Unguja, huonekana jambo ambalo kwa dhahiri yake lakanusha semi hizo. Maji yanapoanza kujaa, mtu mmoja hushuka dikoni na tanga begani, akakikagua chombo chake, akakaza kamba zake, akakishua, akatweka, akaenda zake. Chombo hicho ni kirefu kuliko yeye mara tatu au zaidi, na uzito wake hauwezi kuchukuliwa na mabega ya watu wanne. Hata hivyo yeye hukitawala peke yake. Chombo hicho ni ngalawa, na habari ya jinsi kilivyopata kutawaliwa na mkono wa mtu mmoja ni sehemu ya historia ya Unguja ambayo aghalabu haikuandikwa, kwa sababu wanahistoria wamependa zaidi kuandika habari za majahazi makubwa, za masultani na za manowari.

Mtu anayetaka kuunganisha kitu kikubwa peke yake hukabiliwa na mashaka matatu. Shaka la kwanza ni uzito: kitu chamshinda nguvu. Shaka la pili ni urefu: kitu kina ncha mbili, na mtu hawezi kuwa katika ncha zote mbili kwa wakati mmoja. Shaka la tatu ni wakati: kazi mbili zataka kufanywa pamoja, na yeye ana mikono miwili tu. Mashaka haya si ya mvuvi wa Unguja peke yake. Katika nchi za Ulaya, ambako mashindano ya glaida, yaani eropleni zisizo na injini, yalianza mwaka 1920 katika mlima wa Wasserkuppe huko Ujerumani, rubani hukisafirisha chombo chake kikiwa kimevunjwa vipande, mabawa mbali na kiwiliwili mbali. Afikapo uwanjani hulazimika kuyaunganisha. Bawa ni refu. Ncha moja hutaka kuingizwa katika tundu lake kwa uangalifu mkubwa, na ncha ya pili hutaka mtu wa kuishika. Marubani wasio na wasaidizi wakabuni kitu kama farasi wa mbao chenye magurudumu, kikawa ndicho kinachoshika ncha ya pili. Chombo hicho hakikuongeza nguvu za rubani hata kidogo. Kilichukua tu mahali pa mtu ambaye hakuwapo. Mtu akiisha kuielewa hila hii, ataitambua pia katika ngalawa, ingawa ngalawa imeitangulia glaida kwa karne nyingi.

Habari ya kale zaidi iliyoandikwa juu ya vyombo vya pwani hii imo katika kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinachojulikana kwa jina la Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwandishi wake alitaja kisiwa kilichoitwa Menouthias, ambacho baadhi ya wataalamu hudhani kuwa ni Unguja na wengine Pemba, akasema kwamba watu wake walikuwa na mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba walivitumia vyombo hivyo kuvulia samaki na kukamatia kasa. Vyombo hivyo viwili ndivyo mababa wa vyombo vyote vya pwani. Cha kushonwa kilikua kikawa mtepe, ambao mbao zake hazikupigwa misumari bali zilifungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Wareno waliokuja na Vasco da Gama mwaka 1498 waliviona vyombo vya namna hiyo wakastaajabu kwa kutoona msumari ndani yake.

Mtepe ulikuwa chombo cha wengi. Kushona ubao kwataka mtu ndani na mtu nje, mmoja akipitisha kamba na mwenziwe akiipokea na kuikaza. Na chombo kikiisha kushonwa chataka mabaharia wa kukipakia, kukiendesha na kukifumua tena kila kamba zinapochakaa. Jahazi nalo, lililochukua mahali pa mtepe, halikupunguza haja ya watu. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri katika chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Unguja na delta ya Rufiji, aliandika jinsi mabaharia walivyoipandisha foromali kwa kuvuta pamoja na kuimba pamoja. Wimbo katika kazi ile haukuwa wa anasa. Ulikuwa ndio kipimo cha kuifanya mikono mingi ivute kwa mvuto mmoja. Pasipo watu, jahazi halitweki.

Mtumbwi wa gogo ulishika njia nyingine. Mtu mmoja aweza kuupiga kafi na kwenda ulikoelekea moyo wake, lakini mtumbwi una kasoro moja kubwa: ni mwembamba, nao hupinduka. Ukiutia tanga, upepo utaulaza ubavu. Katika jahazi ubaya huo huondolewa kwa upana wa chombo na kwa shehena iliyo ngamani. Katika mtumbwi hakuna upana wala shehena. Dawa yake ilikuwa ni kuutia mtumbwi mikono miwili, yaani matengo. Miti miwili hukingamishwa juu ya mtumbwi, mmoja mbele na mmoja nyuma, ikatokeza pande zote mbili. Na katika ncha za miti hiyo hufungwa ubao mrefu kila upande, ukaegemezwa kwa mshazari hata makali yake yakagusa maji. Chombo kinapoinama upande mmoja, ubao wa upande ule huyakanyaga maji, nayo maji huusukuma juu. Kwa namna hiyo mtumbwi uliokuwa ukipinduka kwa pumzi ukapata kustahimili tanga.

Hila hii ilitoka wapi? Mwingereza James Hornell, mtaalamu wa vyombo vya bahari, aliandika mwaka 1919, na tena mwaka 1934, kwamba matengo ya pande mbili ya Afrika Mashariki yana udugu na yale ya visiwa vya Indonesia, na kwamba yaliletwa na wasafiri wa huko walioivuka Bahari ya Hindi. Hoja yake ina nguvu kwa sababu ya ushahidi wa lugha. Kimalagasi, lugha ya Bukini, ni ndugu wa lugha za Indonesia, na mwaka 1951 Otto Dahl wa Norwe alionyesha kwamba ndugu yake wa karibu kabisa ni lugha ya Maanyan ya kisiwa cha Borneo. Watu waliovuka bahari na lugha yao walivuka na vyombo vyao pia. Hata hivyo wavuvi wa Vezo katika pwani ya magharibi ya Bukini hutumia tengo moja tu, upande mmoja, na tanga lao ni la umbo jingine. Basi hapana budi kusema kwamba watu wa pwani ya Waswahili hawakupokea chombo kizima kama apokeavyo mtu zawadi. Walichagua. Matengo waliyatwaa, wakayafunga katika mtumbwi wao wenyewe, na juu yake wakasimamisha tanga la pembetatu la mabaharia wa Uarabuni na Bahari ya Hindi.

Ushahidi wa uchaguzi huo umehifadhiwa katika maneno. Mtumbwi na tanga ni maneno ya Kibantu. Usukani ni neno la Kiarabu. Nahodha limetoka katika Kiajemi. Roda, ile gurudumu ndogo ambayo kamba hupita juu yake, laelekea kuwa limetoka kwa Wareno, ambao kwao roda ni gurudumu. Nguo ya tanga nayo ina safari yake. Baada ya mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani mwaka 1833, merikebu za Salem zilileta Unguja nguo za pamba nyeupe, na nguo hiyo ikaitwa merekani hata leo. Nyepesi kuliko mkeka, yakunjika, na mtu mmoja aweza kuichukua begani. Hata mwembe, ambao gogo lake ndilo lililopendwa kwa ngalawa katika Unguja, ni mgeni aliyetoka pande za Bara Hindi. Karibu kila kiungo cha ngalawa kina kwao kwingine, lakini chombo chenyewe ni cha hapa, kwa maana mkono uliovichagua viungo hivyo na kuviunganisha ulikuwa wa hapa.

Sasa na yaangaliwe yale mashaka matatu, na jinsi ngalawa ilivyoyatatua.

Shaka la uzito lilitatuliwa kwa kuwafanya mchanga na bahari kuwa vibarua. Mvuvi haiinui ngalawa. Huiviringisha juu ya magogo, na akiwa peke yake huisogeza ncha moja baada ya nyingine, maana ncha moja ikitulia juu ya mchanga, mtu huinua nusu ya uzito tu. Lakini kibarua mkubwa ni maji yenyewe. Katika Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kadiri ya mita nne, na katika pwani zilizo tambarare, kama zile za mashariki ya kisiwa, bahari hukimbia mbali sana kisha ikarejea. Mvuvi ajuaye saa za maji huiacha ngalawa yake mahali ambapo maji yatakuja kuichukua. Asiyezijua saa hizo atahitaji watu kumi kufanya ambalo maji hulifanya bure.

Shaka la ncha mbili lilitatuliwa kwa matengo. Jahazi likikauka pwani halisimami peke yake. Hulala ubavu lisipotiwa gadi, na kutia gadi ni kazi ya watu, mmoja akisimamisha na mwingine akipigilia. Ngalawa huchukua gadi zake pamoja nayo. Ikikaa juu ya mchanga, matengo huizuia isilale, na fundi aliye peke yake aweza kulizunguka gogo lake lote, akapaka sifa, akaziba nyufa, akasimamisha mlingoti, pasipo mtu wa kumshikia. Mlingoti wenyewe ni mfupi, nao huteremshwa katika tundu lililo kwenye ubao wa kukingama, tako lake likakaa katika kishimo kilicho chini. Tundu lile ndilo msaidizi asiyeonekana: likiisha kuukamata mlingoti, mtu huwa huru kuiacha mikono yake ikafunge kamba. Nayo kamba ndiyo iliyopendelewa kuliko msumari katika kufunga matengo, kwa sababu mbili zilizo wazi. Mawimbi huvuta na kusukuma, na fundo hukubali kuchezacheza mahali ambapo msumari hupanua tundu lake hata likawa ufa. Tena fundo hufunguliwa na kufungwa upya kwa mkono mtupu, pasipo nyundo wala mhunzi.

Shaka la kazi mbili kwa wakati mmoja lilitatuliwa kwa roda na kwa mpango wa kamba. Kamba ya kutwekea hupita juu ya mlingoti kisha ikarudi chini na kufungwa nyuma, upande wa upepo. Hivyo kamba ile ile iliyopandisha foromali hugeuka kuwa kamba ya kuutegemeza mlingoti. Kamba moja yafanya kazi mbili, na mtu hakulazimika kuzifunga mbili. Akiisha kutweka, mvuvi huketi tezi, kana ya usukani chini ya kwapa lake na demani mkononi. Upepo ukizidi, huilegeza demani, ukipungua, huivuta. Hapo alipo ameyashika mambo yote mawili, njia na upepo, wala hana haja ya kuondoka.

Zana za kuundia chombo hiki zilikuwa za namna hiyo hiyo. Mbao za jahazi zilipasuliwa kwa msumeno mrefu, mtu mmoja juu na mmoja chini. Mtumbwi ulichongwa kwa shoka na tezo, zana ambazo hazina mpini wa pili. Tundu lilitobolewa kwa keekee, ambayo fundi huizungusha kwa uta kwa mkono mmoja na kuikandamiza kwa mwingine. Fundi wa ngalawa aliweza kufanya kazi yake chini ya mwembe alioukata, siku baada ya siku, bila kumngojea mtu.

Haifai kutoka katika habari hizi na kudhani kwamba ngalawa ilimtoa mtu katika jamii yake. Gogo lililochongwa bara halikutembea lenyewe hata pwani. Lilivutwa na watu walioitwa kwa msaragambo, wakala na kunywa na kushukuriwa. Tezo ilifuliwa na mhunzi, kamba zilisokotwa na wanawake walioyafukia makumbi katika matope ya pwani hata yakaoza, yakapondwa, yakawa nyuzi. Tena wavuvi wengi waliojaliwa kupata mwenzi hawakwenda peke yao, kwa maana bahari ya kusi haina huruma, na aliyeanguka majini peke yake hana wa kumgeuzia chombo. Wahenga hawakukosea. Vidole vingi vilimvunja chawa huyo, ila vilifanya kazi yao mapema, kila kimoja kwa siku yake, hata siku ya safari ikawa kwamba mkono mmoja watosha.

Na kutosha huko kulikuwa na maana kubwa kuliko ufundi. Katika vyombo vikubwa samaki hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya wavuvi. Asiye na chombo wala nyavu hupata fungu lake la jasho tu, na katika siku mbaya fungu hilo hugeuka deni. Mwenye ngalawa ndogo, dema mbili tatu na mshipi hakuwa tajiri, lakini samaki wote aliowapata walikuwa wake. Mtu akumbuke kwamba amri ya kuondoa utumwa katika sheria za Unguja ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, na kwamba wengi walioachwa huru hawakuwa na ardhi, wakaendelea kukaa katika mashamba ya karafuu ya mabwana wao kwa masharti ya kazi. Katika nchi ya namna hiyo, chombo ambacho mtu aweza kukishua bila kuomba ruhusa wala kuajiri mtu hakikuwa jambo dogo. Uhuru ulioandikwa katika karatasi hutaka kitu cha kuusimamishia. Kwa baadhi ya watu wa pwani kitu hicho kilikuwa gogo la mwembe na mbao mbili.

Kwa kipimo hiki ndipo mabadiliko ya zama hizi yafaa kupimwa. Si kweli kwamba watu wa ngalawa wamekataa kila jipya. Kamba za nailoni zimeingia mahali pa makumbi kwa sababu hazioi upesi na mkono ule ule waweza kuzifunga. Nguo za namna mpya zimeingia mahali pa merekani. Haya yamechaguliwa kama vile roda ilivyochaguliwa zamani. Injini ya nyuma na boti ya faiba ni jambo lenye sura mbili. Zaenda mbali, zaenda kinyume cha upepo, na humrudisha mtu nyumbani siku ambayo tanga lingemwacha. Hapana mwenye akili atakayewalaumu wavuvi kwa kuzitamani. Lakini injini haiwaki pasipo mafuta, na mafuta hununuliwa kabla samaki hajavuliwa. Ikivunjika, kifaa chake hakichongwi dikoni. Chombo chaweza kuendeshwa na mtu mmoja, lakini chategemea wengi asiowajua, nao hawaji kwa msaragambo. Wakati huo huo miembe mikubwa yenye unene wa kutoa mtumbwi imekuwa adimu, na gogo lililokuwa karibu sasa hutafutwa mbali.

Kuna somo jingine katika Mji Mkongwe wenyewe. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilifanywa makumbusho, na ndani yake ukaundwa mtepe mzima kwa kushonwa, ili watu waone chombo ambacho kilikuwa kimetoweka baharini tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20. Lilikuwa tendo jema. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Kuhifadhi kitu ndani ya nyumba, hata nyumba iwe kubwa namna gani, ni hifadhi yenye mwisho. Mtepe ulioko makumbusho huweza kumwonyesha mtazamaji kamba ilipita wapi. Hauwezi kumwonyesha mshonaji alijuaje kwamba imekazwa vya kutosha.

Ngalawa ingali hai katika madiko mengi ya Unguja, kutoka Nungwi hadi Kizimkazi, na elimu yake ingali mikononi mwa watu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliandika maneno mengi ya vyombo kwa uangalifu, na kazi ya Prins juu ya mabaharia wa Lamu, iliyotoka mwaka 1965, ilionyesha jinsi elimu ya namna hii iwezavyo kuandikwa kwa utaratibu. Kazi iliyobaki ni kuandika matendo pamoja na maneno: ni ncha ipi huinuliwa kwanza, ni fundo lipi hufungwa mwisho, ni wapi mguu hukanyaga ili mkono upate kuwa huru. Neno likipotea laweza kukutwa katika kamusi. Tendo lisiloandikwa, mtu wa mwisho aliyelijua akiisha kufa, halina kamusi, na watakaokuja nyuma watalazimika kuyaanza upya yale mashaka matatu, kila mmoja peke yake.